Maji ya Siku ya Kalondu

Kasikeu,
3 Juni 1984

Kwa mwana wa mwaitu, Pasta Mulei,

Pokea salamu, ingawa za huku ni chache kama maziwa ya ng'ombe wetu siku hizi. Mahindi yalichomoza, yakatuangalia, yakalala. Njaa hii watu wameshaipa jina, Nikw'a ngwete, yaani nitakufa nikiwa nimeshika: pesa unazo mkononi na dukani hakuna unga.

Lakini sikuandikii habari za njaa. Nakuandikia habari za Mwaitu, mama yetu, na nimekasirika, kwa hivyo soma ukiwa umekaa.

Unakumbuka alivyokuja huko Kitui wakati wa Pasaka, ulipowekewa mikono kuwa pasta. Alikula mkate na kunywa kikombe katika kanisa lako la Mtoni, kutoka mkononi mwako wewe mwenyewe. Alirudi akiimba. Siku ya Meza ya Bwana ilipofika huku kwetu, katika kanisa la Kengele, Mzee Ndolo akapita na sahani na kumruka. Alimruka, Mulei, kama mtu anavyoruka dimbwi! Baadaye akamwambia, "Wewe ulikula meza ya wengine. Uko nje mpaka utubu." Mwaitu akauliza atubu nini. Akaambiwa atubu kula kwa mwanawe.

Basi nikamshika mkono nikampeleka kwa hao watu wako wa Mtoni hapa sokoni. Rafiki yangu Kalondu, ambaye ni wa huko, akamwekea kiti mbele kabisa. Sahani ilipofika, mzee wenu naye akamruka. Kisa? Mwaitu alibatizwa kwa matone ya maji kichwani, hakuzamishwa. "Huyu kwetu bado hajabatizwa," ndivyo alivyosema, na Mwaitu alibatizwa kabla mimi sijazaliwa. Tena akaongeza kwamba kule Kitui ulikosea kumpa.

Sasa Mwaitu hana meza. Anataka kitu kimoja tu kabla hajafa: kula mkate wa Bwana na watoto wake wawili, wewe kulia na mimi kushoto. Anakisema kila siku mpaka naogopa kwenda kumwamkia.

Nimepekua Biblia nikitafuta makanisa haya mawili. Kengele nimezipata, zimeshonwa kwenye pindo la joho la kuhani. Mito nayo ni mingi. Lakini mahali Bwana Yesu alipoamuru kuwe na Kengele na kuwe na Mtoni sijapaona. Wewe umesomea. Nionyeshe mstari.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Nawe nijibu hivyo hivyo, maana Mwaitu huniamuru nimsomee kila barua yako kwa sauti, na mengine sitaki ayaelewe. Nikifika mahali pabaya, namwambia tu kwamba unamsalimu.

Ni mimi dadako,
Ndinda

*

Kitui,
17 Juni 1984

Dada Ndinda,

Amani iwe kwako. Nilisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza, kisha nikasimama.

Umeniumiza. Unadhani mimi napenda kusikia mama yangu amerukwa? Lakini usiandike kana kwamba nidhamu ya kanisa ni kitu nilichokiokota barabarani. Unataka mstari. Je, katika Ufunuo hakuna makanisa saba ya Asia, kila moja na malaika wake na makosa yake? Je, mitume hawakuweka wazee na taratibu? Nyumba isiyo na mlango si nyumba, ni uwanja.

Na kuhusu matone. Paulo anafundisha kwamba ubatizo ni kuzikwa pamoja na Kristo. Kuzikwa, Ndinda. Sasa niambie, umewahi kuona nani akizikwa kwa kunyunyiziwa konzi ya udongo? Unamwekea marehemu udongo kidogo usoni halafu mnakwenda kunywa chai? Mtu akizikwa huzama asionekane. Ndiyo maana sisi tunazamisha. Haya si maringo, ni maana yenyewe.

Sikuandikii kugombana. Nimepata njia. Mto umekauka, kwa hivyo ndugu wa Mtoni hapo Kasikeu wanajenga birika la saruji nyuma ya kanisa. Askofu wetu atakuja mwisho wa Agosti kulifungua. Nimeomba Mwaitu awe wa kwanza kuingia majini, nami nitakuwa ndani nimemshika. Siku hiyo hiyo atakula Meza, nami nikiwa kulia kwake. Hapo ombi lake litakuwa limejibiwa.

Wewe utakuwa kushoto ukipenda. Lakini nawe itabidi uingie majini.

Mwambie namsalimu. Hilo usilitunge, ni kweli.

Kakako katika Bwana,
Mulei

*

Kasikeu,
22 Julai 1984

Mwana wa mwaitu,

Shingo inaniuma, ndiyo maana mwandiko huu umelala upande. Nilikuwa nabeba maji ya birika lako.

Ndiyo, mimi, wa Kengele. Umekaa mjini mpaka nadhani umesahau mwethya ni nini. Kila mwanamke katika kikundi ana siku yake, na siku hiyo sote twaenda kumfanyia kazi anayoitaka yeye. Kwangu tulichimba matuta, kwa Mutindi tulikanda udongo wa nyumba. Hakuna anayeuliza mwenzake anasali wapi. Asiyekuja hutozwa faini, na mwenyekiti anayewatoza wasiokuja ni mimi. Sasa zamu ya Kalondu ilipofika, tukamwuliza tumfanyie nini. Akasema, "Siku yangu nimeipa kanisa. Jazeni birika."

Nilitaka kumtupia mtungi. Visima vya mchanga siku hizi unachimba mpaka unaingia mwili mzima, unateka kwa kikombe, unangoja yajikusanye, unateka tena. Mbuzi wamesimama wanakuangalia. Ule mukwa, kamba ya kubebea mtungi, unakata paji la uso. Tulikwenda na kurudi na punda, na siku moja haikutosha. Wanawake wa Kengele, wa Mtoni, hata Mwanamkasi mke wa Hassan yule anayenunua mbuzi hapa sokoni, sote tulibeba. Birika likajaa, mzee wenu akaweka kifuniko cha bati na kufuli, na Kalondu akapewa ufunguo. Sisi tukarudi nyumbani na mitungi mitupu.

Maji mengi kuliko yote Kasikeu yamefungiwa yamngoje askofu. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu wenu sijui atatuponya nini.

Umeniambia kuhusu makanisa saba. Nimeyasoma. Yale yalikuwa saba kwa sababu miji ilikuwa saba, Mulei! Kila mji na kanisa lake. Hayakuwa saba katika soko moja, kila moja likipiga kelele ili la pili lisisikike. Lakini Wakorintho walikuwa mji mmoja, nao wakaanza kugawana, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, na Paulo akawauliza kama Kristo amekatwa vipande. Hilo nalo ulisomea, au siku hiyo hukuwa darasani?

Halafu sisi wenyewe tuligawanyikaje? Wewe ni wa Mtoni kwa sababu shule yao ilikupa kazi ya ualimu. Mimi ni wa Kengele kwa sababu Mwaitu ni wa Kengele. Ungepata kazi kwa Wakatoliki, leo ungekuwa unaniandikia kuhusu Baba Mtakatifu. Nani kati yetu alifungua Biblia kwanza?

Mwaitu anakohoa. Asubuhi huku kuna baridi. Unataka kumwingiza mwanamke wa umri ule kwenye birika la saruji, na ukimwambia aingie ataingia, kwa sababu wewe ndiye unayemwambia. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ndinda

*

Kitui,
4 Agosti 1984

Ndinda,

Usinihubirie. Nahubiriwa vya kutosha.

Sawa, nikupe unachokitaka. Hakuna mstari unaosema Mtoni. Hakuna unaosema Kengele. Nimekesha na vitabu vyangu na sijaupata, na nilijua kabla sijaanza kwamba sitaupata. Umefurahi? Lakini mimi sikuajiriwa na mstari. Nimewekwa na baraza, na baraza lina katiba, na katiba ina vifungu ambavyo wewe huvijui.

Sasa nikwambie jambo, na usimsomee. Ule mkate niliompa Mwaitu wakati wa Pasaka umefika barazani. Mtu wa Kasikeu aliwaandikia. Nimeulizwa mbele ya watu kumi na wawili kwa nini nilimpa Meza mtu asiyebatizwa. Nikasema ni mama yangu. Wakasema, ndiyo sababu tunakuuliza. Niliomba radhi. Nilisema nilikosea, Ndinda. Nilisema mbele yao kwamba nilikosea kumlisha mama yangu.

Na kuna kubwa zaidi. Asipoingia majini na Bwana akamchukua, siruhusiwi kumzika. Siruhusiwi kusimama pale nimevaa joho na kusema neno. Na Kengele wamemtenga, kwa hivyo nao hawatapiga kengele. Mama wa pasta atazikwa kama mtu asiye na mwenyewe. Ndiyo maana nakazana na birika hili. Wewe unaona saruji na kufuli, mimi naona kaburi lake.

Naogopa. Basi, nimesema. Mpe dawa ya kifua na umweke karibu na moto mpaka mwisho wa mwezi. Akishaingia majini mara moja tu, yote yatakwisha.

Ichome barua hii.

Mulei

*

Kasikeu,
12 Agosti 1984

Kwa Mulei mwanangu,

Mimi ni Syombua nasema, na huyu Ndinda anaandika. Nimemwambia aandike vile nasema, asinirekebishe, na akikataa nitatafuta mtoto wa shule.

Mulei, mimi nasikia Kiswahili. Kabla baba yenu hajanioa nilikuwa nauza ndizi kwa steshen ya Makindu. Wahindi wa reli walikuwa wanaita, mama ndizi, mama ndizi, na mimi nawajibu na hicho Kiswahili yao. Nyinyi hamkuniuliza. Ndinda akisoma barua anasoma kwa mdomo, mimi nasikia yote, halafu ananiambia eti Mulei anakusalimu. Nimesalimiwa sana mwaka huu.

Kwa hivyo nimesikia ile ya baraza. Ulisema ulikosea kunilisha. Hiyo imeniuma, sitakuficha. Mimi nilikulisha wewe na sijawahi kuomba mtu msamaha.

Wewe na dada yako mnauliza nani alichagua kanisa hii. Mimi nilichagua. Kengele ilikuwa upande huu wa mto, na nilikuwa na wewe mgongoni, na maji yalikuwa yamejaa. Sikutaka kuvuka na mtoto. Ingekuwa Mtoni iko upande huu, ningeenda Mtoni. Yule mchungaji alinimwagia maji kidogo kwa kichwa na akasema jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ulikuwa mgongoni, matone mengine yakaanguka kwa uso wako, ukalia. Mimi naamini Mungu aliona. Kama hakuona ile kidogo, hata ile mingi hataona.

Sitaingia kwa birika. Si kwa sababu ya baridi. Nimebeba maji tangu nikiwa msichana, najua ni ya nini. Siwezi kuoga hapo na watoto wa Mutindi wanakunywa matope.

Hii ndiyo nasema. Usikuje na askofu. Kuja peke yako, siku yoyote. Kuja ukiwa Mulei. Nitapika isyo, mahindi na maharagwe, hata kama mahindi ni hii ya njano ya msaada. Utaomba, tutakula sisi watatu, wewe huku na Ndinda huku. Baraza haiko kwa jikoni yangu.

Kuja haraka. Mimi sijambo, lakini kuja haraka.

Mama yako,
Syombua

(Nimeandika kama alivyosema. Sikujua kuhusu Makindu. Naona aibu mpaka siwezi kumwangalia. Njoo tu, kaka. N.)

*

Kitui,
27 Agosti 1984

Kwa Mwaitu mpendwa, na kwa Ndinda,

Barua yenu nimeisoma mara nyingi. Sijui niseme nini, kwa hivyo nitasema la kazi.

Askofu ameahirisha safari mpaka mwezi wa kumi. Ameomba birika lisiguswe. Mwenyekiti wa baraza ameniteua niende Mwingi na sehemu za huko kwa mikutano, na sikuweza kukataa, kwa kuwa baada ya lile la Pasaka kila mtu anaangalia nitafanya nini. Nikija huko sasa, wiki hii, bila askofu, wataelewa vibaya.

Mwaitu, nitakuja. Mikutano ikiisha tu nitapitia Emali na kuja moja kwa moja. Weka isyo.

Mulei

*

SIMU YA MAANDISHI
EMALI, 8 SEPTEMBA 1984

PASTA MULEI KITUI
MWAITU AMETUTOKA ASUBUHI STOP TUNAKUNGOJA STOP NDINDA

*

Kasikeu,
16 Septemba 1984

Mulei,

Tulingoja siku hiyo yote na iliyofuata, kila gari likipunguza mwendo sokoni watoto wanakimbia kwenda kuangalia. Nilidhani umesharudi Kitui, na leo nimesikia kwa dereva wa lori kwamba bado uko Mwingi. Kwa hivyo labda unaisoma simu na barua hii pamoja. Nilikuwa nimepanga kukutukana. Nimechoka, nitakwambia tu ilivyokuwa.

Tangu barua yako alikuwa akiweka isyo. Kila akila anaacha upande mmoja wa sahani. Siku ya mwisho nikamwuliza mbona humalizi. Akasema, "Hiyo ni ya Mulei, akitoka Emali atakuwa na njaa." Asubuhi nikamkuta amelala ubavu, sahani iko palepale.

Nilikwenda kwa Mzee Ndolo. Akavua kofia, akalia kweli, kisha akasema kengele haiwezi kupigwa, alikuwa hajatubu. Nikaenda kwa mzee wenu wa Mtoni. Naye akanipa pole, akasema kwao hakuwa amebatizwa, na pasta mwenyewe hayupo. Nilisimama sokoni katikati ya milango miwili ya Mungu, na yote imefungwa. Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuijua.

Basi nikapiga filimbi ya mwethya. Kama mwenyekiti, nilitangaza kwamba siku ni ya Syombua na kazi ni kaburi.

Walikuja wote, na waume zao na sululu. Lakini ardhi, Mulei! Ilikuwa inalia kama bati. Mmoja wao, Kivuva, alivunja mpini. Wanaume walipokezana mpaka jua likaegemea, na shimo halikufika magotini. Wakasema bila kulowesha udongo hatutamaliza hata kwa wiki, na maji yako wapi.

Kalondu akachukua mtungi wake. Akaondoka. Nilipomfuata nikamkuta nyuma ya kanisa lenu ameshafungua kufuli, na mzee wenu amesimama mbele ya birika amenyoosha mikono. Anamwambia maji yale ni ya Bwana. Kalondu akamjibu, "Maji haya ni ya siku yangu ya mwethya. Niliipa kanisa, kanisa haikuitumia. Sasa naichukua, namchangia Syombua." Mzee akasema askofu atasema nini. Kalondu akasema, "Askofu akija mwambie ayabebe yeye."

Akapita. Tukafungua mitungi. Wanawake walewale, mukwa uleule, tukayatoa maji tuliyoyaingiza. Yaliyobaki chini nilisema watoto wateke ya kunywa, na hakuna aliyenipinga. Tulimwaga shimoni, yakanywewa mpaka tukasikia ardhi inavuta pumzi. Tukamwaga tena. Asubuhi ilikuwa laini, wanaume wakachimba hadi kifuani, kisha hadi kichwani.

Hakukuwa na pasta. Niliomba mimi. Sikujua ya Kengele yanaanzia wapi wala ya Mtoni yanaishia wapi, nikasema Baba yetu, na wote wakajua linalofuata.

Halafu udongo. Ulikuwa bado una unyevu, unashikana mkononi. Nilitupa konzi yangu, Kalondu yake, Mutindi yake. Hassan alitupa konzi tatu, kwao ndivyo. Kisha nikamwona Mzee Ndolo anakuja bila koti lake la kanisa, na nyuma yake mzee wenu. Nilitaka kuwafukuza. Wakainama, kila mmoja akachota, kila mmoja akamwekea Mwaitu wake. Kwa sahani walimruka. Kwa udongo hawakumruka.

Uliniuliza kama nimewahi kuona mtu akizikwa kwa kunyunyiziwa konzi ya udongo. Sasa nimeona. Tulikuwa wengi, kila mmoja kidogo kidogo, mpaka akazama asionekane.

Wewe tu ndiye hukuwepo.

Ndinda

*

Kitui,
24 Septemba 1984

Mwana wa mwaitu,

Nimerudi jana. Simu ilikuwa mezani, na juu yake barua yako, na juu yake barua ya baraza. Wanataka niende nieleze kuhusu maji.

Nimewajibu leo. Nimeandika kwamba Kalondu asiulizwe kitu, nitaulizwa mimi. Nimeandika kwamba wakati wa Pasaka sikukosea, na kwamba nilipowaambia nilikosea, hapo ndipo nilipokosea. Nimewaomba wanionyeshe mstari. Sidhani nitakuwa pasta wao mwezi ujao, na sijui nitakuwa nani, na leo hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni ile sahani. Usiku sioni kitu kingine.

Nakuja Jumamosi kupitia Emali. Sitakuja na joho. Najua kaburi limekwisha jaa na mmeshalisawazisha, na sistahili kuomba. Lakini waambie wa mwethya, wa Kengele na wa Mtoni, na umwambie Kalondu hasa.

Nibakizieni konzi moja.

Mulei